Kiebrania kwa anayeanza kabisa: mwongozo kamili wa kulimudu darasa la ulpan

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa vijana wetu walioko Israeli, awe amekwenda kwa mafunzo ya kilimo, chuo au masomo ya Biblia, ni uleule: "Kaka, wiki ya pili ya ulpan nimepotea. Mwalimu anaongea Kiebrania kitupu, wenzangu wanacheka, mimi sijui wanacheka nini. Nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika yote mahali pamoja.

Wengi hawashindwi kwa sababu Kiebrania ni kigumu. Kwanza wanaingia darasani bila kujua herufi. Pili, na hili ndilo kubwa, wanataka kukifikia Kiebrania kwa kupitia Kiingereza, wakati lugha waliyokua nayo nyumbani iko karibu nacho zaidi. Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Halafu kitenzi chetu kinavyonyambuliwa kinakaribia sana kinavyofanya kitenzi chao. Huo mtaji unao tayari, na mwongozo huu ni wa kuutumia.

Kwa asiyejua: ulpan ni darasa la lugha linaloendeshwa "ivrit be'ivrit", yaani Kiebrania kwa Kiebrania, tangu dakika ya kwanza. Ngazi zinaitwa kwa herufi: alef ni ya wanaoanza, kisha bet, gimel na kuendelea. Kozi kamili kwenye ulpan za wahamiaji wapya huchukua miezi 5, siku 5 kwa wiki, takriban saa 500. Vyuo vikuu navyo huwa na kozi za kiangazi, fupi lakini za mbio. Mwongozo huu ni wa alef.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari mbili: moja ya darasani, moja ya mizizi ya maneno (utaona kazi yake Hatua ya 6). Zifungue kutoka upande wa kulia, kwa sababu maandishi yanaanzia huko.
- Penseli na raba. Kalamu ya wino iache kwa mwezi wa kwanza, utafuta sana.
- Karatasi ngumu zilizokatwa vipande vidogo: upande mmoja neno la Kiebrania, upande wa pili picha au neno la Kiswahili.
- Simu yenye kibodi ya Kiebrania na sehemu ya kurekodi sauti.
- Kamusi ya Morfix na tovuti ya Pealim inayoonyesha kila umbo la kitenzi. Ni za nyumbani, si za darasani.
- Saa moja na nusu kila siku baada ya darasa. Kama kazi au masomo mengine hayakuachii hata saa moja, tafuta kozi ya jioni ya mwendo wa polepole. Ulpan ya kila siku bila marudio itakuacha njiani.

Kitu kimoja usibebe: kile kijitabu kinachoandika Kiebrania kwa herufi zetu za a, be, che. Humu mimi naandika hivyo kwa kuwa hujui kusoma bado. Ukimaliza Hatua ya 1, acha.

## Hatua ya 1: Maliza herufi kabla ya siku ya kwanza

Jipe siku 14. Herufi ni 22, na tano kati ya hizo zina umbo la pili zinapokuwa mwisho wa neno: ך ם ן ף ץ. Jifunze mbili kwa siku, kila moja uiandike mistari mitatu huku ukiitamka kwa sauti.

Waliopita madrasa wana nusu ya kazi mkononi. Wanajua kusoma kutoka kulia, wanajua irabu zinakaa juu na chini ya herufi, na majina yenyewe yanafanana: alifu ni alef, be ni bet, dali ni dalet, lamu ni lamed, mimu ni mem, nuni ni nun. Vialama vya irabu Kiebrania kinaviita nikud.

Sababu ya kufanya hivi mapema: mwalimu wa alef atafundisha herufi kwa siku chache tu, na siku hizohizo anamwaga msamiati. Anayehangaika na umbo la herufi hasikii kinachosemwa.

Tahadhari mbili. Kuna mapacha wanaowachanganya watu wote: ב na כ, ד na ר, ה na ח, ו na ז, ס na ם. Waandike wawiliwawili, ubavu kwa ubavu, mpaka jicho lizoee tofauti. Ya pili: kuna maandishi ya chapa na maandishi ya mkono, na mwalimu ubaoni anaandika ya mkono. Mem ya mkono inafanana na N, shin inafanana na e, tsadi ni kama namba 3. Niliwahi kukaa na dada kutoka Arusha aliyekuwa anasoma kitabu vizuri kabisa, lakini ubao ulipojaa akaweka penseli chini machozi yakimlengalenga. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna maandishi ya namna mbili. Jifunze zote mbili kwa pamoja.

Umefaulu ukiweza kusoma hizi bila kusaidiwa: קפה (kafe), בננה (banana), טלפון (telefon), שלום (shalom), na ukiweza kuandika jina lako kwa maandishi ya mkono bila kuangalia chati.

## Hatua ya 2: Sauti tatu za kuzingatia

Kwa Mswahili sauti si tatizo kubwa. Irabu za Kiebrania ni tano, a, e, i, o, u, zinasomeka kama zetu. Kazi iko hapa:

Kh, ya herufi ח na כ. Tamka kama mtu wa pwani anavyosema "kheri" au "Khamis". Wa bara wengi husema "heri", na hapo wanapotea, kwa sababu Kiebrania kina h na kh kama sauti mbili tofauti.

R ya ר. Si yetu ya kutetemesha ulimi. Inatoka kooni, karibu na gh ya "ghali". Ukitumia yetu utaeleweka, lakini zoeza sikio lako, la sivyo hutaitambua ukiisikia.

Ts ya צ. Kama unavyotamka katikati ya neno "pizza".

Rekodi sauti yako ukisoma maneno kumi, sikiliza, kisha linganisha na ya mwalimu. Dakika tano zinatosha kwa siku.

## Hatua ya 3: Kariri sentensi za kujiokoa

Kuuliza si ujinga, ila uulize kwa Kiebrania. Hizi ziwe ulimini kabla hujaingia darasani:

- "Lo hevanti." Sikuelewa.
- "Od pa'am, bevakasha." Mara nyingine tena, tafadhali.
- "Le'at le'at." Polepole.
- "Ma ze?" Hii ni nini?
- "Ekh omrim ... be'ivrit?" ... husemwaje kwa Kiebrania? Unaonyesha kitu kwa kidole mahali pa nukta.

Sababu yake: mwanafunzi akikwama, akaomba msaada kwa Kiingereza, darasa zima linateleza kuingia Kiingereza. Akiomba kwa Kiebrania, hata ule mkwamo unakuwa mazoezi.

## Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, kaa mbele na usitafsiri

Siku yangu ya kwanza mwalimu aliingia, hakusema habari za ratiba wala ada. Aliweka mkono kifuani akasema, "Ani mora." Akamnyooshea kiganja dada wa mbele: "At talmida." Akaja kwangu: "Ata talmid." Akanyamaza, macho yakiwa kwangu, akisubiri. Nikaweka mkono kifuani nami nikasema, "Ani talmid." Akatabasamu, akaenda kwa mwingine. Katika dakika mbili tulikuwa tumepata "mimi", "wewe" mbili, "mwalimu", "mwanafunzi", na jambo kubwa zaidi: katikati hakuna neno la "ni". Mimi mwanafunzi, basi.

Fanya vivyo hivyo. Tazama mikono na uso wa mwalimu, rudia kwa sauti, usikimbilie simu. Ukitafuta kila neno kwenye kamusi, kufikia unalipata mwalimu ameshasema sentensi nne. Neno ulilokosa liandike pembeni kwa herufi za Kiebrania, hata kwa makosa, ulitafute nyumbani.

Tahadhari: usikae karibu na Mswahili mwenzako au na mtu mkarimu anayekunong'oneza tafsiri. Najua upweke wa ugenini, lakini kuna mapumziko ya chai kwa mazungumzo yenu. Darasani kaa na Mrusi, Mfaransa au Mbrazili asiyejua lugha yako yoyote, ili mlazimike kuelewana kwa Kiebrania.

Usitarajie kuelewa kila kitu. Ukitoka siku ya tano umeelewa theluthi ya kilichosemwa na umefungua mdomo mara kumi, uko sawa.

## Hatua ya 5: Jinsia, na jinsi ngeli zinavyokusaidia

Hapa ndipo wengi wetu tunajikwaa. Kiswahili hakimtofautishi "yeye" wa kiume na wa kike. Kiebrania kinatofautisha karibu kila kitu: hu ni yeye mwanamume, hi ni yeye mwanamke, ata ni wewe mwanamume, at ni wewe mwanamke. Hata meza na mji vina jinsia.

Kitenzi cha wakati uliopo kina maumbo manne. Kujifunza: lomed (mwanamume mmoja), lomedet (mwanamke mmoja), lomdim (wengi), lomdot (wanawake watupu). Dada akisema "ani lomed" ameeleweka, ila amekosea.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalo fundo hili tayari. Katika Marko 5:41 Yesu anamwambia binti, "Talitha, kumi." Yale maneno ni Kiaramu, lakini "kumi" hiyo ni ileile ya Kiebrania: inuka, akiambiwa mwanamke. Mwanamume angeambiwa "kum". Ile i ya mwisho ndiyo alama ya kike katika amri.

Sasa angalia mtaji wako. Wewe umezaliwa ukisema "kitabu kikubwa, vitabu vikubwa, mti mkubwa, miti mikubwa". Akili yako imezoea sifa kulifuata jina. Mzungumzaji wa Kiingereza hana mazoea hayo. Kwa hiyo usione jinsia kuwa mzigo, ione kama ngeli mbili tu badala ya zetu nyingi:

- sefer gadol, kitabu kikubwa (kiume). Sfarim gdolim, vitabu vikubwa
- makhberet gdola, daftari kubwa (kike). Makhbarot gdolot, madaftari makubwa

Kwa kawaida jina linaloishia na -a au -et ni la kike, na wingi ni -im kwa kiume, -ot kwa kike. Kuna yanayokaidi. Shulkhan, meza, ni la kiume lakini wingi wake ni shulkhanot. Sifa haidanganyiki: shulkhanot gdolim. Ni sawasawa na sisi tunavyosema "vijana wazuri" wala si "vijana vizuri", ingawa neno limevaa vi-. Ukikumbuka kijana, hutasahau shulkhan.

Kila neno jipya la jina liandike pamoja na sifa moja, kamwe lisikae peke yake. Sifa ndiyo itakayokutunzia jinsia.

Jambo lingine la hapohapo: neno dogo "et". Ani ro'e sefer, naona kitabu. Ani ro'e et hasefer, nakiona kitabu, kile tunachokijua. Wazungumzaji wa lugha nyingine huteseka na "et" kwa miezi. Wewe jiulize tu: kwa Kiswahili ningetia -ki-, -u-, -m- hapa kwa sababu kitu kinajulikana? Kama ndiyo, mara nyingi "et" inakuja.

## Hatua ya 6: Daftari la mizizi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ningeomba uipe muda kuliko zote.

Maneno ya Kiebrania hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti, kwa kawaida tatu. Chukua k-t-v. Usishtuke na v: herufi ב husomeka b au v, כ husomeka k au kh, na פ husomeka p au f, kulingana na mahali ilipo. Kwa hiyo k-t-v ni k-t-b ile unayoijua kwenye kitabu, katibu, maktaba. Sasa tazama kitenzi kinavyozaa, nami naweka Kiswahili kando:

- likhtov, kuandika
- lehikatev, kuandikwa
- lehakhtiv, kusomea mtu aandike, yaani kumwandikisha imla
- lehitkatev, kuandikiana

Andika, andikwa, andikisha, andikiana. Ni mnyambuliko uleule uliofundishwa darasa la sita, ila sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, wao wanabadilisha umbo la ndani na kichwa. Maumbo hayo wanayaita binyanim, yako saba, na alef itakugusisha machache tu. Mifano zaidi: lilmod ni kusoma, lelamed ni kusomesha. Le'ekhol ni kula, leha'akhil ni kulisha. Lilbosh ni kuvaa, lehalbish ni kuvisha. Laredet ni kushuka, lehorid ni kushusha. Lehitrakhets ni kujiosha, na ile "hit" inafanya kazi ya "ji" yetu hapo.

Basi kwenye daftari la pili, kila ukurasa uupe mzizi mmoja. Juu andika herufi tatu, chini panga kila neno unalokutana nalo. Kufikia mwezi wa pili utaanza kukisia maana ya neno ambalo hujawahi kulisikia, na siku hiyo utaijua kwa furaha yake.

Ndani ya daftari hilohilo tenga ukurasa wa ndugu, maneno ambayo Kiswahili kiliyapata kupitia Kiarabu na Kiebrania kinayo kwa upande wake. Kanuni ya kukisia: penye s au th yetu, mara nyingi kwao kuna sh. Salama, shalom. Nafsi, nefesh. Rasi, rosh (kichwa). Soko, shuk. Kitunguu saumu, shum. Bila kubadilika sana: damu ni dam, roho ni ruakh, malkia ni malka. Binadamu ni ben adam, neno kwa neno. Na ule ubeti wa shairi unatokana na neno la Kiarabu la "nyumba", na nyumba kwa Kiebrania ni bayit. Ndiyo Beit Lekhem, Bethlehemu, nyumba ya mkate.

Tahadhari na wanaofanana uso bila undugu. "Kama" ni ngapi, kiasi gani. "Mi" ni nani, si mimi. "Saba" ni babu. "Sefer" ni kitabu, hakihusiani na safari. Na usimwite mwenzako "kaka" kwa sauti kwenye basi: ni neno la watoto wadogo la haja kubwa, na watu watageuka kukutazama.

## Hatua ya 7: Namba, saa na siku

Namba utazipata haraka kuliko yeyote darasani. Sita ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha. Ishirini ni esrim, thelathini shloshim, arobaini arba'im, hamsini khamishim, sitini shishim, sabini shiv'im, themanini shmonim, tisini tish'im, mia me'a, elfu elef. Kutoka arobaini unaipata arba, nne. Kutoka hamsini unaipata khamesh, tano. Bibi anayehesabu "edashara, thenashara" angeelewa eser, kumi, bila kuambiwa.

Lakini namba 1 hadi 10 nazo zina jinsia, na kuanzia 3 hadi 10 zinakwenda kinyume na ulichozoea: umbo lenye -a mwishoni ni la kiume. Shalosh makhbarot, madaftari matatu (kike). Shlosha sfarim, vitabu vitatu (kiume). Kwa kuhesabu tu, namba za simu na saa, tumia umbo la kike. Sokoni utasikia "khamesh shekel". Mtaani wanasema hivyo. Kwenye mtihani wewe andika "khamisha shkalim".

Saa ni sha'a, na hapa kuna mtego uliowagharimu wengi. Waisraeli wanahesabu kuanzia usiku wa manane, siyo kuanzia machweo na macheo kama sisi. Sheva baboker inasikika kama saba, kumbe ni saa moja asubuhi. Darasa likianza "shmone" ni saa mbili asubuhi, siyo saa nane mchana. Mwenzangu kutoka Tanga alikosa basi la safari ya darasa kwa sababu hii. Alifika kituoni saa saba mchana, mkoba mgongoni, basi limeondoka saa moja. Ukisikia saa yoyote kwa Kiebrania, ondoa sita kabla hujaiweka kichwani. Ikiwa ndogo kuliko saba, ongeza sita.

Siku nazo zinahesabiwa kuanzia Jumapili, ambayo ni yom rishon, siku ya kwanza, na ni siku ya shule na kazi. Jumatatu ni yom sheni, ya pili. Jumanne ni ya tatu, yom shlishi. Usikubali "tatu" ya Jumatatu ikudanganye. Shika Alhamisi kama nguzo: neno hilo maana yake ni "ya tano", na kwao ni yom khamishi, ya tano vilevile. Kutoka hapo hesabu nyuma. Kwenye ratiba utaona herufi tu: יום א ni Jumapili, יום ב Jumatatu.

Umefaulu mwalimu akitaja siku na saa ya mtihani, nawe ukaiandika sahihi bila kumuuliza jirani.

## Hatua ya 8: Ratiba ya nyumbani

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, siyo kesho:

1. Nakili ubao wote upya kwa maandishi ya mkono safi. Dakika 20.
2. Chagua maneno 15 tu, hata kama yalitolewa 50. Yafanyie kadi.
3. Soma kwa sauti kifungu cha kitabu mara tatu. Mara ya tatu jirekodi.
4. Andika sentensi tano zako mwenyewe, za ukweli: umekula nini, umemwona nani.

Anayeacha siku mbili hulipa siku nne. Ukiugua, mwombe mwenzako picha ya ubao jioni ileile.

## Hatua ya 9: Wiki ya tatu hadi ya sita, usinyamaze

Wakati huu furaha ya mwanzo imekwisha, wakati uliopita umeingia (katavti, niliandika, katavta, uliandika, kwa mwanamume, katavt, kwa mwanamke), na wengine darasani wanaonekana kuruka. Wetu wengi huanza kunyamaza. Tumelelewa kuona aibu kukosea mbele za watu, na ni malezi mema, lakini kwenye ulpan ukimya ndio unaokuondoa. Jiwekee deni la kusema mara tano kila siku darasani, hata kama ni "lo hevanti".

Kisha toka nje. Yerusalemu kuna shuk ya Mahane Yehuda, Tel Aviv kuna ya Carmel, na kila mji una duka la mboga. Nenda na kitu kimoja cha kununua na sentensi mbili. "Shalom, kama ze ole?" Yaani, hii bei gani? Shikilia pilipili mkononi, useme "pilpel". Atakutajia bei kwa kasi, "eser!" au "esrim!", na sikio lako litalazimika kufanya kazi ambayo darasani mwalimu anakufanyia polepole. Nenda kabla ya Ijumaa mchana, kwa maana Shabbat ikikaribia soko linafurika kisha linafungwa, na katika miji mingi mabasi yanasimama mpaka Jumamosi jioni.

Wakisikia lafudhi yako watageukia Kiingereza. Wanafanya kwa wema. Wajibu kwa upole: "Ani lomed ivrit. Rak ivrit, bevakasha." Dada aseme "lomedet". Najifunza Kiebrania, Kiebrania tu tafadhali. Nimeona wauza matunda wakisimamisha biashara kumfundisha mtu jina la tunda baada ya sentensi hiyo.

Umefaulu ukinunua vitu vitatu na kurudishiwa chenji bila neno la Kiingereza.

## Hatua ya 10: Vua nikud

Magazeti, ujumbe wa simu, mabango na barua za ofisini havina vialama vya irabu. Darasa litaviondoa taratibu, nawe usisubiri. Kuanzia wiki ya tano, chukua kifungu ulichokwisha kukisoma na nikud, kifute nikud kwa kukinakili, kisha kisome. Daftari la mizizi ndilo litakuokoa hapa: ukiona כתב utajua familia yake hata kabla ya kujua irabu, na maneno yanayolizunguka yatakuambia kama ni "aliandika" au jambo jingine.

Usibahatishe kwa herufi ya kwanza tu. Soma mpaka mwisho wa neno, kwa sababu mwishoni ndipo jinsia na wingi vinakaa.

## Mtihani wa alef

Kwa kawaida kuna kusoma na kujibu maswali, sarufi, insha fupi, na mazungumzo na mwalimu. Kwenye insha andika sentensi fupi unazozimudu. Ukimaliza, pitia mara moja kwa ajili ya jinsia peke yake, mara ya pili kwa ajili ya "et" peke yake. Makosa mengi ya watu wetu yako katika hayo mawili, na kuyatafuta yote kwa pamoja kunakufanya uyakose.

Kwenye mazungumzo utaulizwa umetoka wapi, una familia gani, kwa nini unasoma Kiebrania. Hilo "kwa nini" ni "lama", lilelile la msalabani katika Marko 15:34, na wanalitumia siku nzima. Kuwa na jibu lako tayari, la kweli, la sentensi tatu.

Ukiambiwa urudie alef, kubali. Nilirudia nusu yake mwenyewe. Mara ya pili nilikuwa nasikia maneno mazima pale ambapo mara ya kwanza nilisikia upepo, na nilipoingia bet nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wanawanong'onezea wengine, kwa Kiebrania.